Mwanamke Mweusi si "mbaguliwa mara mbili" tu

Wengi husema mwanamke Mweusi wa Marekani ana mizigo miwili, wa rangi na wa jinsia: jumlisha, basi. Hesabu hiyo inaficha jambo.

Mwaka 1976 mahakama moja ya St. Louis iliamua kesi ya wanawake Weusi watano dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors. Kabla ya 1964 kampuni haikuwa ikiajiri wanawake Weusi. Wafanyakazi walipopunguzwa, kanuni ilikuwa aliyeingia mwisho atoke kwanza, wakatoka wao. Mahakama ikasema wanawake waliajiriwa tangu zamani, kwa hiyo hakuna ubaguzi wa jinsia. Lakini hao walioajiriwa tangu zamani walikuwa Wazungu, wa kazi za ofisini! Weusi nao waliajiriwa: wanaume, kiwandani. Kuunganisha madai mawili, la rangi na la jinsia, mahakama ikakataa. Inaniuma kila nikiisoma kesi hii.

Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliieleza kesi hiyo kwa mfano wa njia panda, ubaguzi wa rangi na wa jinsia ukiwa kama magari yanayopita barabara tofauti. Ukisimama katikati, gari linaweza kukugonga likitoka upande wowote, na pengine pande zote kwa pamoja. Mahakama ilitaka majeruhi ataje barabara moja.