Radioembolaizesheni ya Saratani ya Ini: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kuuza Kiwanja

Familia nyingi za Arusha na Moshi hulisikia neno radioembolaizesheni, yaani tiba ya kuupiga uvimbe kwa chembe za mionzi zinazopitishwa kwenye mshipa wa damu, siku daktari anaposema uvimbe wa ini haukatiki. Papo hapo hesabu za nauli na gharama huanza. Swali la kutangulia ni jingine: ini lililobaki lina nguvu kiasi gani?

Ini lenye afya hupata takribani robo tatu ya damu yake kupitia mshipa mkubwa unaotoka matumboni, na robo kupitia ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Uvimbe wa saratani hujilisha karibu wote kwenye ateri. Tiba hii inatumia tofauti hiyo. Kwa ganzi ya sehemu tu, daktari wa radiolojia huingiza katheta (mrija mwembamba) kinenani au kwenye kifundo cha mkono, akaisogeza hadi tawi linalolisha uvimbe, kisha akapitisha chembe zilizobeba yitriamu-90, elementi inayotoa mionzi. Chembe za kioo zina upana wa mikromita 20 hadi 30. Ni nyembamba kuliko unywele, lakini hunasa kwenye vimishipa vya uvimbe na kubaki humo. Mionzi yake hupenya nyama kwa wastani wa milimita 2.5, na haivuki 11.

Kabla ya hapo huwa kuna siku ya majaribio. Mishipa hupigwa picha, kisha hupitishwa albumini (aina ya protini) yenye teknesiamu-99m, elementi ya mionzi inayoonekana kwenye picha, ili kuona chembe zitaelekea wapi. Sehemu ya damu ya uvimbe huweza kukwepa na kwenda mapafuni, na mapafu hayatakiwi kupata zaidi ya grei 30 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mara moja. Matawi yanayokwenda tumboni huzibwa kwa koili ndogo za chuma pale inapobidi, maana chembe zikipotelea huko huleta vidonda sugu ambavyo dawa za kawaida za vidonda vya tumbo hazivimudu vizuri. Mkiambiwa hatua hii inarukwa, ulizeni sababu.

Miadi nayo si ya kuchezea. Yitriamu-90 hupungua nusu kila saa 64, na dozi hukokotolewa kwa siku na saa ya kupitishwa. Mgonjwa akichelewa siku 8, imebaki moja ya nane. Hakuna friji ya kuitunzia. Hapa nchini vyanzo vya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye ofisi Njiro, Arusha.

Nani hafai? Bilirubini, yaani rangi ya manjano ya damu ambayo ini huisafisha, ikizidi miligramu 2 kwa desilita (takribani mikromoli 34 kwa lita) mlango kwa kawaida hufungwa, isipokuwa pale chanzo ni njia ya nyongo iliyoziba na inayoweza kuzibuliwa. Tumbo lililojaa maji na mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani ni dalili hizohizo za ini lililochoka. Kumpeleka mgonjwa wa namna hiyo nje ya nchi kwa tiba hii ni kumchosha bure. Kwa hiyo kwenye bahasha ya rufaa wekeni CT skani ya ini iliyopigwa kwa awamu, ikiwemo ile ya ateri, pamoja na majibu ya bilirubini, albumini, kuganda kwa damu, AFP (kipimo cha damu cha saratani ya ini) na homa ya ini B na C. Picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi.

Baada ya tiba, uchovu, homa ndogo na kichefuchefu kwa wiki moja au mbili ni kawaida. Kwa takribani wiki moja mgonjwa asilale kitanda kimoja na mjamzito wala kupakata watoto wachanga. Choo cheusi kama lami ni cha kuwahi hospitali siku hiyohiyo.

Madhara ya mionzi kwenye ini lenyewe huchelewa, mara nyingi kati ya wiki ya 4 na ya 8, wakati ndugu wameshatulia. Macho yakigeuka manjano au tumbo likijaa maji, msisubiri picha ya ufuatiliaji ya miezi 3. Rudini hospitali na karatasi za tiba, zenye tarehe na dozi aliyopewa.