Uelekezaji wa pakiti ni nini, na unaufuatiliaje?

Ukiwa Nkuhungu, hapa Dodoma, ukamtumia mteja wa Dar es Salaam picha ya risiti, picha haiendi nzima. Simu huikata vipande vidogo, kwa kawaida visivyozidi baiti 1,500 kila kimoja, na kila kipande hubandikwa anwani ya kilikotoka na ya kinakokwenda. Kipande hicho ndicho pakiti, jina lililobuniwa na mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, Donald Davies, miaka ya 1960. Kuamua kila pakiti ipite wapi ndiyo uelekezaji, na mashine inayofanya kazi hiyo ni ruta.

Mwenyeji wa Dodoma ataelewa upesi. Hapa mjini barabara hugawanyika: ya Morogoro, ya Iringa, ya Singida, ya Kondoa kwenda Arusha. Ruta haihitaji kuijua safari yote. Inachojua ni kwamba anwani za kundi hili zitokee upande wa Iringa, za kundi lile upande wa Singida. Mbele ya safari ruta nyingine itaamua tena. Pakiti za picha moja zaweza hata kuachana njiani. Mpokeaji huzipanga upya, na isiyothibitishwa kufika hutumwa tena.

Wengi hudhani ruta huchagua njia fupi. Baina ya kampuni moja ya intaneti na nyingine, njia hufuata zaidi makubaliano: nani amekubali kupokea mzigo wa nani, na kwa gharama gani. Ndiyo maana pakiti ya Dodoma kwenda Dar yaweza kupitishwa Ulaya kwanza, ikiwa kampuni mbili hazikuunganishwa humu nchini. Vituo vya kubadilishana trafiki kama TIX ya Dar es Salaam vipo ili kuzuia mzunguko wa namna hiyo, na kwangu ni miundombinu muhimu sawa na barabara.

Utajuaje pakiti zako zinapita wapi? Ofisi moja ya Area C ililalamika kwamba mfumo wao wa hesabu, ambao seva yake iko Dar, unasuasua. Walishalipia spidi kubwa zaidi, hali ikabaki ileile. Nikakaa kwenye kompyuta ya mhasibu, nikaandika ping na anwani ya seva. Majibu yakaja: 312, 309, 311, 310. Hizo ni milisekunde za kwenda na kurudi.

Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dodoma na Dar ni kama kilomita 450, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde tano hivi. Ongeza ruta na kona za nyaya, 20 zinatosha kabisa. Halafu namba zilikuwa zimetulia. Ingekuwa foleni ya pakiti njiani tungeona 15, kisha 240, kisha 60, kwa sababu foleni hujaa na kupungua. Namba kubwa isiyoyumba hunifanya nifikirie umbali kwanza.

Nikaandika tracert, amri inayoonyesha ruta ambazo pakiti inapitia. Ujanja wake naupenda sana. Kila pakiti hubeba namba ya uhai, na kila ruta inayoipitisha huipunguza kwa moja. Ikifika sifuri pakiti hutupwa, na mtumaji hupewa taarifa. Bila hivyo pakiti iliyopotea ingezunguka milele. Tracert hutuma pakiti yenye uhai wa 1, kisha 2, kisha 3, na kila ruta inayoitupa hujitaja yenyewe. (Ukiona nyota badala ya namba usishtuke, ruta nyingine zimepangwa zisijibu.) Mstari wa nne ulikuwa Dar, milisekunde 11. Wa sita ulisoma 158, na jina la ruta lilibeba neno London. Mistari miwili baadaye, Dar tena, 310.

Tuliupiga picha ukurasa ule tukaupeleka kwa mtoa huduma. Siku mbili baadaye ping ilisoma 14, na ofisi ikarudi kwenye kifurushi chake cha zamani.