Algoriti na nafasi za darasa la kwanza: kanuni zijadiliwe kabla ya kompyuta kuwashwa

Hapa Uganda, kumpatia mtoto nafasi ya darasa la kwanza bado ni kazi ya mwalimu mkuu. Mzazi huenda shuleni na karatasi zake, mara nyingine pamoja na barua ya mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji au mtaa, inayothibitisha anakoishi, na aliyechelewa anaweza kuambiwa kwamba darasa limejaa. Lakini kwa kuwa Wizara ya Elimu na Michezo imekwisha kuanzisha mfumo wa kielektroniki unaompa kila mwanafunzi namba yake ya utambulisho, si ajabu siku moja kazi hiyo ikakabidhiwa kompyuta, na ni vyema wazazi waielewe mapema.

Algoriti ni mfuatano wa hatua ambazo kompyuta huzifuata ili kufikia uamuzi. Haimjui shemeji wa mtu wala haipokei bahasha, na hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo, hutekeleza kanuni iliyopewa kwa mamia ya watoto kwa mpigo, na kanuni mbaya huwaumiza wote hao kabla mtu yeyote hajashtuka.

Mji wa Boston, Marekani, ulilipitia jambo hili. Kwa miaka mingi wazazi waliorodhesha shule walizozipenda, kisha kompyuta ikajaza kwanza nafasi za wale walioitaja shule fulani kuwa chaguo lao la kwanza. Utaratibu huo unaonekana wa haki mpaka uutazame kwa karibu. Tuchukulie kwamba mama muuza mboga anaitaka zaidi shule ya sokoni, na ya mlimani ni chaguo lake la pili, na kila shule imebakiwa na nafasi moja tu. Shule ya sokoni inamchukua mtoto wa dereva wa boda boda, anayeishi karibu nayo zaidi. Mama huyo anapogeukia ya mlimani, anakuta nafasi imekwisha kutolewa kwa mtoto wa mwalimu, anayeishi mbali zaidi kuliko yeye lakini aliyeitaja shule hiyo kwanza. Binti yake anapelekwa shule ya mbali kwa sababu mama alisema kweli. Huko Boston kulikuwa na wazazi waliokutana na kupeana mbinu za kujaza fomu, na walioumia ni wale wasiokuwa na wa kuwapa mbinu hizo.

Mwaka 2005 mji huo uliuacha utaratibu huo na kuchukua ule ulioelezwa na wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley mwaka 1962. Katika utaratibu huu kila nafasi hushikiliwa kwa muda tu hadi maombi yote yamalizike. Shule ya mlimani ingemshikilia mtoto wa mwalimu. Lakini binti wa muuza mboga akishakataliwa sokoni, angefika mlimani na kuipata nafasi hiyo kwa kuwa anaishi karibu zaidi, naye mtoto wa mwalimu angeendelea na chaguo lake linalofuata. Mzazi akiorodhesha shule kama anavyozipenda kweli, hapotezi kitu. Kwa maoni yangu, mfumo wowote unaomwadhibu mzazi mkweli haufai kuletwa hapa kwetu.

Bado linabaki swali ambalo hisabati haiwezi kulijibu: nani atangulie? Wengi watasema ni anayeishi karibu, nami nakubali, ila ukaribu wenyewe una mitego. Kompyuta ikipima umbali kwa mstari ulionyooka kwenye ramani ya Kampala, itaihesabu nyumba iliyo ng'ambo ya mfereji wa Nakivubo kuwa ni jirani wa shule, ilhali mtoto wa miaka sita hana budi kuzunguka hadi palipo na kivuko. Tena kuna makazi yasiyo na anwani, na kuna watoto wasio na namba ya utambulisho wa kitaifa, wakiwemo wale wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mtoto ambaye taarifa zake hazijakamilika asiachwe nje ya hesabu, kwani Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kwa kila mtoto aliyefikia umri wa miaka sita. Wanaolingana kwa kila kigezo wachaguliwe kwa kura ya bahati nasibu, na kura hiyo ipigwe hadharani.

Nisisitize pia kwamba programu haiongezi dawati hata moja. Penye upungufu wa madarasa, itakachogawa kwa haki ni upungufu huo huo.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutaka, kwa maandishi, kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye wa kuidai haki hiyo. Ili iweze kutumika, kila mzazi apewe karatasi moja, kwa lugha anayoisoma, inayoeleza mtoto wake alipangwa wa ngapi katika kila shule aliyoomba, ni kigezo gani kilichomtanguliza aliyemtangulia, ofisi ipi inapokea rufaa, na siku ya mwisho ya kuiwasilisha. Siku hiyo iwe kabla ya muhula kuanza, ili nafasi iwe bado ipo iwapo rufaa itakubaliwa.