Dogo hana mwendelezo? Kaa kwanza tuongee

Kila mwaka baridi ya Melbourne ikianza kuuma, naanza kusikia maneno yaleyale. "Huyu dogo alianza vizuri, sasa kaporomoka. Hana moyo." Jumamosi iliyopita nimeyasikia tena, kwenye nyama choma ya watu wetu huku magharibi mwa jiji, kutoka kwa kaka mmoja ninayemheshimu na ambaye ameanza kuifuata futi, ule mpira wa miguu wa Kiaustralia, kabla mimi sijafika nchi hii. Alikuwa anamsema kijana wa miaka 18 ambaye ndio kwanza yuko katikati ya msimu wake wa kwanza. Simu mkononi, takwimu zimefunguliwa: wiki moja kijana ana mipira mingi, wiki inayofuata nusu yake, kisha anapanda tena. "Unaona? Akijisikia anacheza, asipojisikia hachezi. Garasa tu."

Kaka, jibu nililokupa pale lilikuwa fupi mno, na jambo hili halijibiki kwa ufupi. Mimi ni kocha wa viungo. Vijana wa miaka 16 hadi 20 ndio ninaoshinda nao: wanaoelekea kwenye drafti, yaani zoezi la klabu za ligi kuu kuchagua vijana, na wale waliokwisha kuchukuliwa lakini wamerudishwa ligi ya pili wajengwe mwili. Kiwango kinachopanda na kushuka nakiona kila wiki, na nakwambia kwa dhati, mara nyingi moyo hauhusiki kabisa.

Mwili nitaupitia haraka, kwa sababu hata wabishi wanaukubali kwa mdomo. Kijana wa jimbo letu la Victoria anafanya mitihani ya kumaliza sekondari Oktoba na Novemba, drafti ni Novemba, maandalizi ya msimu yanaanza muda mfupi baadaye, na Machi yuko uwanjani anasukumana na baba wa miaka 28 aliyejenga shingo na nyonga kwa miaka kumi. Kiungo anakimbia kilomita 12 hadi 15 kwa mechi, na si mbio za kunyooka: ni kukimbia, kusimama, kugeuka, kugongwa, kuinuka. Mambo yakienda vizuri namwongezea kijana kilo 3 au 4 za misuli kwa mwaka. Nikilazimisha kilo 8 nitamvunja. Patrick Cripps ametwaa Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, mwaka 2022 na tena 2024, lakini msimu wake wa kwanza pale klabu ya Carlton, mwaka 2014, alicheza mechi 3 tu kisha akavunjika mguu. Mtu aliyemhukumu mwaka ule alihukumu nini?

Haya, sasa tufike kwenye kinachonikera hasa: ile idadi ya mipira.

Namba ile inahesabu pasi za teke na za ngumi, basi. Haikwambii mtu alisimama wapi wala alitumwa nini. Na kwenye futi, mahali unaposimama ndipo panapoamua mpira utakufikia mara ngapi. Beki wa pembeni anapata mpira akiwa huru, uwanja wote uko mbele ya macho yake, wenzake wanamrudishia ili abadilishe upande, naye anapiga, anarudishiwa, anapiga tena. Winga wa mbele yuko kwenye dunia nyingine. Anapanda kwenda kusaidia kwenye mpambano wa katikati, anageuka, anakimbia mita 80 kurudi, anafika mpira umekwisha kupita juu ya kichwa chake. Nusu ya kazi aliyopewa ni kumziba yule beki wa pembeni wa wapinzani asipige kwa raha. Anaweza kumaliza mechi kifua kinawaka, amegusa mpira mara nane, na kesho yake kwenye kikao cha video kocha akaanza kwa kumsifu yeye. Wewe kwenye simu umeona nane.

Na vijana wengi wa mwaka wa kwanza wanawekwa pale pale, kwenye winga ya mbele, kwa sababu kati kuna wenyewe. Halafu kiungo mmoja mkubwa anachanika msuli wa paja, dogo anaingizwa kati kwa wiki mbili, namba zake zinaruka mara mbili. Mkubwa anapona, dogo anarudishwa pembeni, namba zinaanguka. Shabiki anasema kiwango kimepanda kisha kimeshuka. Kijana ni yuleyule, pumzi ileile, bidii ileile. Kilichohama ni mahali alipopangwa.

Tazameni klabu ya North Melbourne, maana mfano uko wazi na wote tuliuona. Jason Horne-Francis alikuwa chaguo namba moja la drafti ya 2021. Mwaka 2022 akacheza mechi 17 kwenye timu iliyoshinda mbili tu msimu mzima, kocha aliyemkuta, David Noble, akaondoka Julai, na dogo akawa anatupwa mara kati, mara mbele. Alizomewa. Watu wazima walikaa kwenye televisheni wakijadili jinsi anavyotembea na anavyokunja uso. Mwisho wa msimu akarudi kwao Australia Kusini, klabu ya Port Adelaide, na huko akawa mmoja wa viungo tegemeo.

Mwaka uliofuata, 2023, North ileile ikamleta Harry Sheezel, chaguo namba tatu. Timu bado dhaifu, ilishinda mechi tatu. Lakini Sheezel, ambaye utotoni alikuwa mshambuliaji, aliwekwa beki ya pembeni. Mechi yake ya kwanza kabisa alitoa mipira 34. Akamaliza mwaka na tuzo ya Rising Star, ile ya kijana bora wa msimu. Nick Daicos wa Collingwood, aliyeichukua tuzo hiyo mwaka mmoja kabla yake, naye kwa sehemu kubwa ya msimu ule alianzia beki ya pembeni kabla hajahamishiwa kati. Mnaona mfuatano huo? Makocha wanajua wanachofanya: wanampa kijana mwenye macho mazuri sehemu ambayo mpira unamjia na migongano ni michache.

Najua atakayeniambia kwamba Sheezel ana utulivu ambao wengine hawana, na mguu wake ni mzuri zaidi. Inawezekana kabisa, na sisemi nafasi inaeleza kila kitu. Ninachokataa ni kuchukua namba ya aliyewekwa nyuma ukampigia nayo aliyewekwa mbele, halafu tofauti ukaiita moyo.

Viwanja navyo. Futi haina kipimo kimoja cha uwanja, jambo ambalo watu wanalijua na wanalisahau king'ora kikilia. MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, una upana wa mita 141 hivi. Ule wa Geelong una 115. Winga aliyepata nafasi ya kupumua na kuuzunguka mpambano pale MCG, akienda Geelong anabanwa kwenye ukuta wa watu. Docklands, uwanja mwingine wa Melbourne, ina paa, hakuna mvua wala upepo. Wiki inayofuata yuko kwenye tope la Julai na mpira unateleza kama sabuni. Wiki moja amepumzika siku nane, nyingine sita, na katikati ya hizo sita kuna safari ya Perth, ndege inayochukua saa nne hivi kwenda na karibu hizo kurudi. Mkongwe ameshajua namna ya kulala, kula na kujinyoosha kwenye safari hiyo. Dogo ndio anajifunza, huku mnamhesabia.

Washambuliaji ndio wanaoumizwa zaidi na hukumu hizi, na hapa naomba mnifuatilie kwa hesabu kidogo. Chukua kijana anayepata nafasi 3 za kupiga golini kila mechi, na kila nafasi uwezekano wa kufunga ni nusu kwa nusu. Hajabadilika kwa chochote mwaka mzima. Uwezekano wa kukosa zote tatu ni nusu mara nusu mara nusu, yaani mechi moja kati ya nane. Uwezekano wa kufunga zote tatu ni huohuo. Kwa msimu wa mechi 23, utamwona akitoka kapa mara 3 hivi, na akifunga goli 3 mara 3 hivi, na hajapanda wala hajashuka hata kidogo. Zile kapa zikitokea kufuatana, magazeti yanaandika mgogoro. Zile mechi za goli tatu zikitokea mwanzoni, dogo anaitwa nyota mpya kisha anaitwa aliyelewa sifa. Na huo ni mfano wa kijana mwenye bahati, maana kiuhalisia hata hizo nafasi tatu hazijiletei, zinategemea viungo wamwingizie mpira kwenye eneo la mita 50 mbele ya goli. Timu ikizidiwa kati, mshambuliaji anashinda njaa siku nzima.

Tom Hawkins, mshambuliaji mrefu, aliingia klabu ya Geelong mwaka 2007, akafunga goli 3 mechi ya kwanza. Baada ya hapo ikawa miaka ya manung'uniko: mzito, haeleweki, leo yupo kesho hayupo. Fainali kuu ya 2011 ndiyo iliyowafunga wengi midomo, na Medali ya Coleman, ya mfungaji bora wa ligi, aliichukua mwaka 2020. Warefu wanachelewa. Mifupa inachelewa, mizani ya mwili inachelewa, kusoma mpira wa juu huku mabeki wawili wamekuning'inia kunachelewa.

Sasa nitasema na yale ambayo kwenye kozi zetu yanafundishwa kwa uhakika kuliko yanavyostahili. Kwa miaka kadhaa sote wa fani hii tuliushika uwiano mmoja: mzigo wa mazoezi wa wiki hii ukiugawa kwa wastani wa wiki nne. Ukivuka 1.5, tuliambiwa, kijana yuko hatarini kuumia. Tulichora grafu, tukawaonyesha makocha, watu wakapumzishwa kwa sababu yake. Baadaye watafiti wakaichambua hesabu yenyewe wakaona ina kasoro. Wiki hii, kwa mfano, mara nyingi imehesabiwa pia ndani ya zile nne inazolinganishwa nazo. Bado naitazama namba hiyo. Siamini tena kwamba inaniambia nani ataumia Jumamosi.

Kuna bamba la kupimia mruko pia. Jumatatu asubuhi kijana anasimama juu yake, mikono kiunoni, anachuchumaa kidogo na kuruka mara tatu. Mruko ukishuka, tunasema mishipa bado imechoka. Mwaka huu nina kijana ambaye mruko wake ulianza kushuka Mei na haujapanda tangu hapo. Kwenye fomu ya asubuhi, ile ya kujaza umelala vipi, miguu ina maumivu kiasi gani, una hamu ya kucheza au huna, anaandika 8 kila sehemu, kila siku, bila kusita. Nilimwuliza kwa upole. Akaniambia, "Kocha, nikiandika 4 si nitaachwa?" Basi mimi nina bamba linalosema amechoka, na fomu inayosema yuko sawa, na mechi yake bora ya msimu aliicheza katika wiki ambayo mruko ulikuwa wa chini kuliko zote. Nielezeni. Mimi sijaweza kulieleza, na nikisikia mtu aliyeko jukwaani amelieleza kwa neno moja, "mvivu", inanichoma.

Wavivu wapo, sikatai. Lakini hawajulikani kwa idadi ya mipira. Mtazame kijana katika zile sekunde tatu baada ya kupokonywa mpira: anamfukuza aliyempokonya au anamgeukia mwamuzi? Mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja anasogea kuziba au amesimama ameshika kiuno? Akikosea teke moja, teke linalofuata analitaka au anajificha nyuma ya mwenzake? Televisheni haikuonyeshi hayo kwa sababu kamera iko kwenye mpira. Nenda uwanjani, mchague dogo wako, mtazame yeye tu kwa robo nzima. Ukiona amesimama wiki tatu mfululizo, hapo njoo tuongee, na huenda nikakubaliana nawe.

Na hili nalielekeza kwetu, watu wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu tulioko huku. Tunawahukumu watoto wetu kwa ukali zaidi, kwa sababu tunaona kama wamebeba jina la sote mgongoni. Aliir Aliir alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya. Sydney walimchukua kwenye drafti ya 2013, na mechi yake ya kwanza ya ligi kuu akaicheza 2016. Misimu miwili mizima bila dakika moja. Mwaka 2021, msimu wake wa kwanza Port Adelaide, akaingia kwenye kikosi cha wachezaji bora wa msimu wa ligi nzima. Angekuwa mtoto wa mtaani kwetu, mwaka 2015 tungekuwa tumeshamwambia mama yake amtafutie chuo.

Kinachoniuma ni kwamba klabu nazo haziwezi kungoja milele. Kwa miaka mingi mkataba wa kwanza wa kijana wa drafti ulikuwa wa miaka 2, na ndani ya muda huo mtu lazima aandike kama abaki au aende. Mwezi Agosti nami huwa naandika sehemu yangu. Naandika kuhusu miguu, mgongo, kasi, uzito, alivyopokea mazoezi. Mwisho kuna kisanduku cha kutabiri atakuwa wapi baada ya miaka mitatu. Nakijaza kwa sababu natakiwa kukijaza. Nikiyatazama niliyoyaandika nyuma, wapo niliowapa alama za juu ambao leo hawachezi popote, na wapo niliowawekea alama ya kuuliza ambao leo wanaanza kila wiki. Nina namba zao zote za kila Jumatatu, na bado kile kisanduku kinanishinda. Shabiki ana namba moja tu, ile ya kwenye simu.