Presha imepanda, mgonjwa je?

"Shikamoo dokta. Mama hajawahi kuugua presha hata siku moja. Sasa hiyo dawa ya presha mnampa ya nini?"

Binti aliyeniuliza alikuwa amesimama mlangoni mwa ICU, kanga ya mama yake kaikunja kwapani, shangazi zake wawili nyuma yake. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Mtaani kwetu ukisema presha watu wanaelewa ile ya kupanda, na dawa ya presha ni ya kuishusha. Mama yake alikuwa na ya kushuka. Maambukizi ya mkojo yalishaingia kwenye damu, mishipa imelegea mwili mzima, kipimo kinasoma 70 kwa 38. Dripu aliwekewa za kutosha, presha haikunyanyuka. Ndipo nikamwanzishia noradrenalini, dawa inayobana mishipa ili damu ipate msukumo wa kufika kwenye ubongo, moyo na figo.

Nusu saa baadaye wastani wa presha (namba moja inayopatikana kwa kuunganisha ile ya juu na ya chini; mwanzo ulikuwa kama 49) ulikuwa 66 na monita imeacha kupiga kelele. Shangazi mmoja akasema, "Alhamdulillahi, amepona." Nilisita kumjibu, na nimeona nieleze kwa nini.

Namba ya presha tunaipenda kwa sababu inaonekana. Unaiona tangu mlangoni, na ukigusa pampu ya dawa inasogea ndani ya dakika moja mbili. Lakini kuna jaribio moja ambalo huwasimulia madaktari wanafunzi kila ninapowaona wanashangilia namba mapema. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2004. Mwili ulioshambuliwa na sepsisi, yaani maambukizi yaliyovuruga mwili mzima kama ya mama huyu, hutengeneza naitriki oksaidi nyingi kupita kiasi, na gesi hiyo ni moja ya vitu vinavyolegeza mishipa. Watafiti wakaleta dawa ya kuzuia isitengenezwe. Ukilisoma wazo hilo unaona halina kasoro, na presha ilipanda kweli. Wagonjwa walikuwa 797. Kufika siku ya 28, asilimia 59 ya waliopewa dawa walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 49 ya waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na kitu ndani. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake.

Ukiziba nusu ya mdomo wa mpira wa kumwagilia kwa kidole gumba, maji yanaruka mbali. Ndoo haijai haraka zaidi kwa sababu hiyo. Presha ni mruko wa maji. Figo inataka ndoo ijae.

Tuliosoma zamani kidogo tulilelewa na dopamini, dawa nyingine ya kupandisha presha, na bado ipo kwenye makabati mengi. Mwaka 2010 ilishindanishwa na noradrenalini kwa wagonjwa 1679 wenye mshtuko (ndivyo madaktari tunavyoiita hali hii, ingawa hakuna aliyeshtuka). Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 52.5 kwa dopamini na 48.5 kwa noradrenalini, tofauti ambayo inaweza kuwa bahati tu. Kisichokuwa bahati ni mapigo ya moyo kwenda mrama: asilimia 24.1 dhidi ya 12.4. Na kwa wale ambao mshtuko wao ulitokana na moyo wenyewe, dopamini iliambatana na vifo zaidi. Ndiyo maana noradrenalini ndiyo ya kwanza kwenye miongozo, na mimi nikiwa na uwezo wa kuchagua sirudi nyuma.

Tupandishe mpaka wapi? Wafaransa walilipima hilo mwaka 2014 kwa wagonjwa 776. Kundi moja wastani wa presha ulishikiliwa kati ya 65 na 70, jingine kati ya 80 na 85. Vifo havikutofautiana kwa maana yoyote. Ila kwa walioishi na presha ya kupanda kwa miaka mingi, waliohitaji kusafishwa damu kwa mashine walipungua walipowekwa juu, basi. Waingereza nao mwaka 2020 waliwachukua wazee 2600 wa miaka 65 na kuendelea, nusu yao wakaachwa kati ya 60 na 65 ili wapewe dawa kidogo. Hawakuzidi kufa. Kwa hiyo nesi akinipigia usiku kuomba tupandishe hadi 80, huwa namuuliza kwanza kama mgonjwa alikuwa akimeza vidonge vya presha nyumbani.

Jaribio linaloninyima usingizi ni la jirani zetu wa Lusaka, lililotoka 2017. Watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya kushuka, wengi wao wakiishi na VVU, waligawanywa. Wamoja walipata huduma ya kawaida. Wengine walifuatiwa utaratibu wa haraka: dripu nyingi mapema, damu, na dopamini kwa waliohitaji. Katika kundi la utaratibu walifariki asilimia 48.1, katika huduma ya kawaida asilimia 33. Silisomi kama hukumu dhidi ya dawa ya kubana mishipa, maana walioipata hata huko walikuwa wachache na dripu ndiyo ninayoishuku zaidi. Ila linanikumbusha kwamba utaratibu ulioandikwa kwa ajili ya wodi yenye mashine ya kupumulia kila kitanda haufai kubebwa kama ulivyo mpaka wodi yenye nesi mmoja kwa wagonjwa ishirini.

Hata pampu ni hivyo hivyo. Noradrenalini huisha nguvu mwilini ndani ya dakika chache tu. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, sindano ya pampu iliisha saa tisa usiku na nyingine haijaandaliwa. Nesi alikuwa hodari na alikuwa peke yake. Muda wa kuvunja kichupa, kuchanganya na kufunga tu, presha ikaenda 40. Tangu hapo sindano ya pili kwangu huandaliwa ya kwanza ikiwa bado na robo.

Yule shangazi sikumwambia amepona wala hajapona. Nilimwita binti kitandani, nikashika kidole cha shahada cha mama yake, nikaminya pande la mbele hadi likawa jeupe, nikahesabu kumi, nikaachia. "Hesabu wewe mpaka rangi irudi." Akafika sita. Isizidi tatu, nikamwambia. Antibayotiki ndiyo inayomtibu, hii ya pampu inamshikilia tu.

Akaifanya kila alipokuja kuona mgonjwa, asubuhi na jioni, bila kunitazama wala kuitazama monita. Siku ya tatu mfuko wa mkojo ulikuwa na kitu, nami nilikuwa naandika faili nilipomsikia anahesabu kwa sauti ndogo: moja, mbili. Akanyamaza.

"Dokta, imerudi."

Nikaenda kwenye pampu, nikapunguza kutoka mililita 6 kwa saa hadi 5.