Zege jepesi juu ya wodi: linaondolewaje wagonjwa wakiwa bado hospitalini?

Hospitali ya Queen Elizabeth mjini King's Lynn, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1980. Kufikia 2023 ilikuwa na nguzo za muda zaidi ya 4,000, za chuma na mbao, zilizosimikwa kuzuia paa lisiwaangukie watu. Paa hilo ni la zege jepesi, aina iliyotumika sana nchini humo kuanzia miaka ya 1950.

Zege hili halina kokoto. Unga wa alumini huchanganywa kwenye uji wa saruji, gesi hutoka, mchanganyiko ukaumuka. Ukilikata utaona vishimo tele, kama mkate wa kumimina, na ncha ya bisibisi inaweza kuzama ukiisukuma kwa mkono. Maji ya mvua nayo hupenya hadi kwenye nondo na kuzitia kutu. Kinachonitia hofu zaidi ni pale slabu (bamba la zege la paa) inapokalia ukuta: baadhi ya slabu za zamani zimekalia milimita 45 tu, wakati leo tunataka angalau 75. Mwaka 2018 sehemu ya paa la shule ya msingi huko Kent iliporomoka ghafla. Bahati ilikuwa wikiendi.

Nguzo hazitibu zege, kwa hiyo slabu lazima zitoke. Kuzitoa si kazi ngumu kwa fundi mzoefu. Vumbi ndilo linalotukosesha usingizi. Ndani yake kunaweza kuwa na mbegu za kuvu aina ya Aspergillus. Mwenye afya huzivuta bila kudhurika, ila aliyepandikizwa uboho zinaweza kumuua. Hivyo wodi huhamishwa kwanza, pamoja na wagonjwa dhaifu walio jirani. Eneo huzibwa kwa kuta za muda kuanzia sakafuni hadi juu, na feni zenye vichujio hufyonza hewa ili vumbi lisitoroke kuelekea korido. Vifusi hushushwa kwa nje ya jengo, kamwe havipitishwi kwenye lifti ya wagonjwa.

Kabla ya kukata, asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu) hutafutwa, na mabomba ya oksijeni na nyaya hubadilishiwa njia. Paa la muda hujengwa juu, jukwaa imara chini. Hakuna anayekanyaga slabu; hufungwa kwenye kreni na kunyanyuliwa moja moja.

Kazi ikiisha, wodi husafishwa, hewa hupimwa kuvu, na wataalamu wa kudhibiti maambukizi ndio wanaoruhusu vitanda virudishwe.