Kwa nini mechi moja tu ndiyo huchana mkeka

"Tisa zimetiki, moja imenichania." Anayesema hivyo ana mkeka, yaani tiketi ya kubeti mechi kadhaa inayolipa zikitiki zote (zikitoka ulivyobashiri); ikikosea moja tu, umechanika. Huamini alibakiza kidogo sana. Tupige hesabu yake.

Chukua mechi ambayo kampuni ya kubeti imeweka odi (namba inayozidisha dau lako ukishinda) hizi: wenyeji 1.30, sare 5.00, wageni 9.00. Gawanya 1 kwa kila odi: unapata asilimia 76.9, 20 na 11.1. Jumla ni 108. Nafasi za mechi haziwezi kuzidi 100, kwa hiyo hiyo 8 ndiyo fungu la kampuni. Gawanya 76.9 kwa 1.08 uiondoe, utaona wenyeji wana nafasi ya kama asilimia 71, si 77.

Sasa panga mechi kumi za namna hiyo. Odi zinazidishana hadi 13.79, na dau la shilingi 1,000 linakuonyesha 13,786. Macho yote huishia hapo. Lakini nafasi nazo zinazidishana: mkeka wote kutiki ni asilimia 3.3, yaani mmoja katika 30. Kupatia tisa na kukosa moja ni asilimia 13.5. Ina maana kuchaniwa na mechi moja hutokea mara nne zaidi ya kushinda. Huyo hakuwa na bahati mbaya. Mkeka wa kumi ndivyo ulivyo.

Fungu la kampuni nalo hujirudia kila unapoongeza mechi. Kwa mechi moja, kila 1,000 hurudisha wastani wa 926. Kwa mikeka ya mechi tano, 680. Kwa ya kumi, 462. Hata wakikuongezea bonasi ya asilimia 10 juu ya malipo yote, unafika 508 tu. Ndiyo sababu bonasi huwekwa kwenye mikeka mirefu.

Wengine hukimbilia mfumo wa 3/4: mechi nne, mikeka minne ya tatu-tatu, 250 kila mmoja. Ikichana moja, unabaki na mkeka mmoja: 250 mara 2.197, shilingi 549. Umepatia mechi tatu kati ya nne na bado umepoteza 451.

Ninayoiogopa zaidi ni ile odi ya 1.10 inayoongezwa mwishoni "kwa sababu ni ya uhakika". Kwa fungu lilelile la 8, nafasi yake ni asilimia 84. Katika kila sita za aina hiyo, tegemea moja ichane.